Gesi, stima au mchanganyiko: jiko lipi linaifaa nyumba ya Mombasa

Wifi yangu alipopata nyumba ya kupanga Likoni, kitu cha kwanza alichonitaka shauri hakikuwa kitanda wala kabati, kilikuwa jiko. "Wifi, wewe umepikia yote matatu," aliniambia, "basi nambie ninunue lipi." Alisema kweli. Tulipokuwa Makadara nilipikia jiko la gesi tupu kwa miaka saba. Tulipohamia fleti ya Nyali nilikuta jiko la stima tupu lililowekwa na mwenye nyumba, nikaishi nalo miaka mitatu. Na sasa Tudor ninalo jiko la mchanganyiko, ambalo mimi mwenyewe nililichagua na kulilipia. Kwa kuwa huoka keki na mikate ya watu wanaoniagiza, oveni kwangu ni chombo cha kazi, na makosa yake huyaona mapema kuliko mtu anayeiwasha mara moja kwa mwezi. Nilimjibu wifi kwa urefu, na hapa nayaandika majibu hayo kwa utaratibu zaidi, kwa sababu nimeona watu wengi wakisimama mbele ya safu ya majiko yanayong'aa na kuchagua kwa kioo na kwa idadi ya vifundo, ilhali jiko hupaswa kuchaguliwa kwa sufuria zilizomo jikoni na kwa waya zilizomo ukutani.

Neno mchanganyiko lenyewe linahitaji kufafanuliwa kabla ya kwenda mbele. Katika nchi za ng'ambo jiko la namna hiyo humaanisha gesi tupu juu na oveni ya stima chini. Katika maduka yetu jiko linaloitwa hivyo mara nyingi ni lile la tatu kwa moja, yaani vichomeo vitatu vya gesi na sahani moja ya stima juu, na oveni chini yake. Oveni hiyo huenda ikawa ya stima na huenda ikawa ya gesi, na majiko mawili yanayofanana sura yakatofautiana kwa jambo hilo moja tu. Mnunuzi asiridhike kuambiwa kwamba ni tatu kwa moja. Na aulize oveni inakula nini, kisha ainame afungue mlango na kutazama. Ya stima huwa na vyuma vya moto vilivyopindwa kwenye dari ya oveni, na vya chini mara nyingi hufichwa na bati la sakafuni. Ya gesi huwa na bomba lenye vitundu chini, na bati lenye tundu la kuwashia.

Nianze na gesi, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kupika. Mapishi yetu yanataka moto unaotii papo hapo. Vitunguu vya biriani hukaangwa kwa moto mkali mpaka vikauke na kuwa vyekundu, na sekunde ishirini za uzembe huvigeuza vichungu. Tui la nazi likiachwa lichemke kwa nguvu hukatika, na samaki wa kupaka hupoteza ulaini wa rojo lake. Mafuta ya mahamri yakizidi moto huunguza nje na kuacha ndani mbichi. Kwenye gesi mkono ukigeuza kifundo, moto umeshuka. Aidha karai letu lina kitako cha duara, nalo hukaa vizuri juu ya chanja ya gesi, lakini juu ya sahani bapa ya stima huyumba na kugusa moto sehemu ndogo tu ya katikati. Kwa nyumba inayokaanga mahamri, viazi vya karai, bajia na sambusa kila jioni ya Ramadhani, jambo hili peke yake lingetosha kuamua.

Nguvu ya vichomeo hutajwa kwenye kibandiko cha nyuma au kwenye kitabu, na inafaa isomwe. Kichomeo kidogo huwa na kama kilowati 1, cha kati kilowati 1.75 hivi, na kikubwa kama kilowati 3. Kikubwa kikiwashwa moto wote hula takriban gramu 230 za gesi kwa saa, maana yake mtungi wa kilo 13 ungekiwasha kwa zaidi ya saa hamsini mfululizo, na ule wa kilo 6 kwa saa ishirini na sita hivi. Jiko lenye vichomeo vinne vya ukubwa mmoja wa kati ni dogo kwa mtu anayepika sufuria ya kilo tatu za mchele. Afadhali vitatu, kimoja kati yake kikiwa kikubwa kweli.

Hatari ya gesi inajulikana, lakini hapa pwani ina sura yake. Nyumba zetu hufunguliwa madirisha mchana kutwa, na upepo wa kusi ukivuma kutoka baharini huweza kuupuliza moto mdogo ukazimika bila mpishi kujua, hasa ule aliouacha chini ili wali ukauke. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Haipandi ikatoka dirishani, bali hushuka ikalala sakafuni kama maji, ikisubiri cheche. Ndiyo maana sifa ninayoitanguliza kuliko zote katika jiko la gesi ni kile kifaa kinachokata gesi chenyewe moto unapozimika. Kukitambua ni rahisi: kando ya kila kichomeo hutokea vijiti viwili, kimoja chenye ganda jeupe la kauri ambacho hutoa cheche, na kingine cha chuma kitupu ambacho hukaa ndani ya moto. Kikiwepo kile cha cheche peke yake, jiko halina kinga hiyo. Majiko mengine yana kinga kwenye oveni tu, na muuzaji hulisifu jiko kana kwamba linayo kila mahali. Jiko ambalo vichomeo vyake vya juu havina kifaa hiki sishauri linunuliwe na mtu anayepikia karibu na dirisha, hata bei yake ikiwa nusu.

Mtungi nao ni sehemu ya jiko, ijapokuwa hununuliwa kando. Usimame wima daima, na penye uwezekano ukae nje ya chumba cha jikoni, kwenye kibaraza chenye kivuli, na mpira upitishwe ukutani. Mpira ukianza kupasuka vijistari vidogo unapoukunja, umekwisha. Kila mtungi unapobadilishwa, povu la sabuni lipakwe kwenye maungio. Likitoa viputo, gesi inavuja. Harufu ile tunayoijua huongezwa makusudi, kwa kuwa gesi yenyewe haina harufu, na mtu akiinusa asiguse swichi yoyote, hata ya taa. Afungue milango, afunge mtungi na atoke. Kuhusu uzito, kwenye shingo ya mtungi pamegongwa uzito wake ukiwa mtupu: ongeza 13 au 6, kisha mwombe muuzaji aupandishe kwenye mizani mbele yako. Mwenye duka la haki hachukii ombi hilo. Mitungi inayojazwa vichochoroni bila leseni si ya kuiendea kwa ajili ya mia mbili tatu. Moto wa gesi uliotokea Embakasi, Nairobi, Februari 2024 uliua watu na kuteketeza nyumba za majirani ambao hawakuwa na habari ya kilichokuwa kikifanywa karibu nao.

Wako wanaodhani kwamba kwa kuwa gesi hushushwa hapa hapa Mombasa, basi wakazi wake wataipata kwa bei isiyotikisika. Sivyo. Inatoka ng'ambo kwa meli na bei yake hufuata soko la huko pamoja na kodi za hapa. Julai 2021 ilitozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, mwaka uliofuata ikashushwa hadi 8, na Julai 2023 ikaondolewa. Ndani ya miaka miwili bajeti ya mtungi ilibadilika mara tatu kwa sheria peke yake.

Oveni ya gesi ndiyo sehemu niliyoivumilia tu. Gesi ikiungua huzaa mvuke: kila kilo moja inayoungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji hewani, na sehemu ya mvuke huo hubaki ndani ya oveni. Kuku na nyama hufaidika, kwa kuwa havikauki, na mkate wa kumimina huiva vizuri ndani yake. Lakini mikate ya ufuta, ambayo uso wake unatakiwa uwe mkavu wenye rangi ya dhahabu, hutoka imepauka, kwa kuwa moto unatoka chini na juu hapana kitu, isipokuwa mtu awashe kichoma cha juu mwishoni na kusimama akichungulia. Keki zangu za Makadara ziliungua kona ya nyuma ya kulia kila mara, nami nilijifunza kuzigeuza dakika ya ishirini na tano. Nikizigeuza mapema zaidi, katikati hubonyea. Zaidi ya hayo, majiko mengi ya bei ya chini hayana themostati ya kweli katika oveni ya gesi. Kifundo kina namba, lakini namba hiyo ni ukubwa wa moto tu, si joto, na hakuna kinachouzima moto joto likifika. Nilinunua kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani, nikagundua kwamba alama niliyoiamini kuwa nyuzi 180 ilikuwa ikipanda hadi 220 baada ya nusu saa. Kipimajoto hicho ninacho mpaka leo, na hakuna kifaa cha jikoni kilichonilipa zaidi.

Jiko la stima tupu la Nyali lilikuwa na sahani nne na oveni yenye feni. Oveni ile niliipenda tangu siku ya kwanza. Joto lilitoka juu na chini, feni ikalieneza, na trei mbili za visheti vya kuoka ziliiva sawa bila kubadilishana nafasi. Wazee wetu walikuwa wakipalia makaa juu ya kifuniko cha sufuria ili wali wa nazi na mkate wa sinia upate moto wa juu na wa chini. Oveni ya stima hufanya kazi hiyo hiyo, na biriani niliyoimalizia ndani yake kwa nyuzi 150 kwa dakika arobaini ilitoka imeshikana masala yake bila ukoko mweusi chini. Mama mkwe wangu, ambaye alikuwa hajaamini kitu chochote kisichokuwa na makaa, aliila akaniuliza nimepalia kwa makaa ya mti gani.

Sahani za juu zilikuwa habari nyingine. Sahani ya chuma huchelewa kupata moto na huchelewa kupoa. Mpishi aliyezoea gesi huunguza vitunguu wiki ya kwanza nzima, kwa sababu akipunguza kifundo sahani bado inachemka kama alivyoiacha, na dawa ni kuiondoa sufuria kabisa. Ukishaijua tabia hiyo hugeuka faida: wali ukikaribia kukauka unazima, unafunika, na joto lililobaki linamaliza kazi bila kutumia hata chembe ya stima. Lakini sahani inataka sufuria yenye kitako kilichonyooka. Sufuria zangu za bati jembamba, zilizobonyea kwa miaka ya kugongwa, ziligusa sahani kwa pembe tatu tu, na maji ya chai yalichukua karibu mara mbili ya muda.

Majiko ya sumaku, yale ya kioo ambayo huitwa indaksheni, hayana ucheleweshaji huo. Hutii kama gesi, na sehemu kubwa zaidi ya nguvu yake huingia chunguni. Lakini hayaitambui sufuria ya alumini, na jikoni mwa Mombasa karibu kila sufuria kubwa ni ya alumini. Chukua sumaku ndogo, hata ile ya kubandika kwenye friji, uiguse chini ya kila sufuria uliyonayo. Isiposhika, sufuria hiyo haitapika juu ya jiko hilo, na gharama ya kununua sufuria mpya za ukubwa wa sherehe iingizwe kwenye bei ya jiko. Kwa mtu anayeishi peke yake au wawili, mwenye sufuria mbili tatu za kushika sumaku, sahani moja ya namna hii pembeni ni kitu kizuri.

Kuhusu gharama, watu hubishana kwa hisia, ilhali hesabu yake haina ugumu. Kilo moja ya gesi ina nishati ya kama kilowati-saa 13, na kilowati-saa moja ndiyo ile yuniti moja tunayoinunua kwa tokeni. Mtungi wa kilo 13 basi umebeba kama yuniti 169. Lakini moto wa gesi hukimbilia pembeni mwa sufuria, na kwa makadirio ya kawaida kama nusu tu ndiyo inayoingia chakulani. Sahani ya stima huingiza kama robo tatu. Ukilinganisha kazi inayofanyika, mtungi wa kilo 13 ni sawa na takriban yuniti 110 za sahani ya stima, na ule wa kilo 6 ni sawa na yuniti 50 hivi. Chukua tokeni yako ya mwisho, gawanya fedha ulizolipa kwa yuniti ulizopata, zidisha kwa 110, kisha uweke jibu hilo kando ya bei ya kujaza mtungi mtaani kwako. Nilipofanya hivyo Nyali, ambako shilingi 1,000 zilikuwa zikinipa yuniti 33 hivi, stima ilitoka juu ya gesi kwa mamia machache ya shilingi. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko nilivyokuwa nikisikia.

Hata hivyo liko jambo linalojificha ndani ya hesabu. Tangu Aprili 2023 wateja wa nyumbani wamegawanywa kwa wastani wa matumizi yao ya mwezi: wasiopita yuniti 30, wanaokaa kati ya hapo na 100, na wanaopita 100, na bei ya yuniti hupanda kwa kila daraja. Nyumba yenye taa, friji na feni inayotumia yuniti 80 kwa mwezi ikianza kupikia stima hupita 100 bila shaka, na kuanzia hapo haiwi kwamba yuniti za kupikia peke yake ndizo za bei ya juu. Friji na feni nazo huhamia bei hiyo. Kwa aliye kwenye daraja la kati, hili ndilo linaloigeuza tofauti ndogo ikawa kubwa. Kwa nyumba ambayo tayari imepita 100 kwa sababu ya mashine ya kupoza hewa, halina uzito.

Kisha kuna stima yenyewe. Kupotea kwake hakuhitaji maelezo kwa mkazi wa Mombasa. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 giza lilishika nchi karibu yote kwa saa nyingi, na wenye jiko la stima tupu walilala kwa mkate wa dukani. Lakini tatizo lililonisumbua zaidi ni kushuka kwa nguvu. Jioni za Ramadhani, kuanzia saa kumi na moja hivi, mtaa mzima ukiwa jikoni, taa zetu zilififia na sahani zikawa vuguvugu. Sababu ni ya kimaumbile: joto la sahani hufuata mraba wa volti. Stima ikishuka kutoka volti 240 hadi 200, sahani ya wati 1,500 haipungui kwa moja ya sita tu. Hubaki na kama wati 1,040, na sufuria ya kilo mbili haichemki tena kwa wakati wa magharibi. Hili sikulijua nilipohamia, nami nililaumu jiko kwa mwezi mzima kabla fundi hajapima ukutani na kunionyesha.

Haki ya jiko la stima nayo itajwe. Hutoa joto dogo zaidi jikoni kwa kazi ile ile, na mtu aliyesimama mbele ya vichomeo vitatu vya gesi mwezi wa Machi, kaskazi ikiwa imelegea na jasho likimtoka, anajua thamani ya jambo hilo. Halitoi moshi wowote, na kwa nyumba ya ghorofa isiyokuwa na dirisha la maana jikoni, au yenye mzee anayesahau kufunga kifundo, ningelichagua bila kusita.

Nilipofika Tudor nilijua ninachokitaka: moto wa gesi juu na oveni ya stima chini. Nikanunua tatu kwa moja yenye upana wa sentimita 60. Muuzaji aliniambia nilichomeke kwenye soketi yoyote ya kawaida, nami nikamwamini. Siku ya nne nilikuwa na keki mbili ovenini na maziwa kwenye sahani ya stima, nikasikia harufu ya plastiki. Plagi ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia na soketi imelainika kama nta. Hesabu ambayo muuzaji hakuifanya, na mimi pia sikuifanya, ni hii: plagi yetu ya miguu mitatu inabeba ampea 13, ambazo kwa volti 240 ni wati 3,120 kwa ukomo. Oveni ilikuwa wati 2,000 na sahani wati 1,500, jumla wati 3,500. Kila moja peke yake ingebebwa. Zote mbili pamoja haziwezekani.

Fundi wa stima alikuja, akafungua ukuta, akatikisa kichwa. "Bi, waya hii ni ya kuchaji simu na kupiga pasi," alisema. "Jiko linataka njia yake lenyewe." Alivuta waya nene ya milimita za mraba 6 kutoka kwenye boksi la fyuzi moja kwa moja hadi jikoni, akaweka swichi kubwa ya jiko ya ampea 45, na, jambo ambalo sikumwomba nami namshukuru kwalo, akapima waya wa ardhini, ule unaoushusha ardhini umeme uliovuja, akakuta haukuwa umeunganishwa popote. Jiko ni chuma, na sakafu ya jikoni huwa na maji, na sisi hupika miguu mitupu. Oveni ya stima isiyokuwa na waya wa ardhini ni hatari kubwa kuliko mtungi, ila haina harufu ya kumwonya mtu. Katika nyumba za zamani, kama zile za Mji wa Kale na Majengo, jambo hili lipimwe kabla jiko halijanunuliwa, kwa sababu gharama ya waya na kazi ya fundi huweza kuikaribia robo ya bei ya jiko lenyewe.

Tangu siku ile jiko limenitumikia miaka sita. Gesi inafanya kazi ya kila siku, oveni inafanya kazi ya fedha, na ile sahani moja ya stima, ambayo nilidhani ni pambo, imeniokoa kila mara mtungi ulipoisha katikati ya mapishi. Stima ikipotea, vichomeo huwashwa kwa kiberiti. Hilo pia lijaribiwe, kwa kuwa cheche za kujiwasha hutegemea stima. Kasoro yake ni mbili. Kifuniko cha kioo cha juu ni kizuri cha kuzuia vumbi, lakini kikifungwa vichomeo vikiwa bado vya moto hupasuka vipande vipande, na watoto hawakumbuki. Na saa ya kidijitali ya oveni iliungua katika mwaka wa pili, stima iliporudi kwa kishindo baada ya kukatika, nayo oveni ikakataa kuwaka hadi fundi alipounganisha nyaya bila kuipitia saa hiyo. Ningenunua leo ningechagua ile yenye saa ya kuzungusha kwa mkono, ambayo haina cha kuungua.

Majiko ya mtumba yanayoshushwa kwenye makontena yana uzito mzuri na chuma kinene, na bei huvutia. Lakini yale yaliyotoka Uingereza mara nyingi yalitengenezewa gesi ya mabomba ya huko, ambayo si gesi yetu ya mitungi. Vitundu vyake vya kutolea gesi ni vikubwa mno kwa gesi yetu, na ukiwasha unapata moto mrefu wa manjano unaopaka masizi chini ya sufuria na kutoa hewa yenye sumu. Vitundu hivyo hubadilishwa na fundi anayejua, iwapo vya saizi yake vinapatikana. Kabla ya kulipa, mtake muuzaji aliwashe kwa mtungi mbele yako, na moto uwe wa buluu, uliokaa chini, usiorukaruka. La Marekani ni gumu zaidi, kwa kuwa stima yao ya nyumbani ni ya volti 120, na taa, saa na cheche zake zilitengenezwa kwa hiyo.

Mambo ya vipimo hupuuzwa. Jiko la sentimita 50 kwa 50 lina vichomeo vinne kwenye picha, lakini sufuria mbili za kilo tatu hazikai juu yake pamoja, na sinia kubwa halipiti mlango wa oveni yake. Nenda dukani na utepe wa kupimia pamoja na sinia lako. Chumvi ya bahari nayo hula bati lililopakwa rangi ya fedha haraka kuliko mtu anavyodhani. Gusa sehemu za chini na za nyuma, si uso tu, kwa kuwa huko ndiko kiwanda hubana matumizi na ndiko kutu huanzia.

Wifi yangu nilikwenda naye Likoni kuitazama nyumba kabla hajanunua chochote. Jikoni mwake mna dirisha kubwa linalotazama bahari, soketi moja, na waya jembamba lililopigwa juu ya ukuta. Anapika watu sita, haoki, na sufuria zake zote ni za alumini. Alinunua jiko la mezani la vichomeo viwili, lenye vijiti vile viwili kila upande, pamoja na mtungi wa kilo 13 na mdogo wa akiba, na akaomba ruhusa ya mwenye nyumba kuvuta waya mpya. Mwenye nyumba amesema atafikiria baada ya Idi. Mpaka hapo, mkate wake wa sinia nauoka mimi Tudor, naye anauvusha na feri.